Jina Jekundu la Fundi

Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa, siku ambayo kliniki ilifurika watu mpaka barazani. Mwanamume alivaa shati la bluu lililonyooshwa kwa pasi, simu tatu mkononi, kaziba njia.

"Kaka, pisha, wagonjwa wapite," akasema Sista, muuguzi wa zamu.

"Na mimi je, Sista? Moyo umeanza kwenda mbio sasa hivi."

"Wa moyo chumba namba nne. Pisha!"

Kumbe ndiye Fundi aliyeletwa kufunga programu mpya. Kila asubuhi, mgonjwa anayetibiwa huzuni au wasiwasi hubonyeza kwenye simu yake ameamkaje. Akiamka vibaya siku tatu mfululizo, jina lake huwaka jekundu kwenye kompyuta ya Sista, naye lazima ampigie kabla ya saa sita. Fundi akatia humo jina lake mwenyewe kwa majaribio. Likiwaka, Sista anapiga.

"Mgonjwa wangu, hujambo?"

"Sijambo, kipenzi. Najaribu mitambo."

"Utanijaribu mpaka lini, mwenzangu?"

Wakapendana hivyo, wakicheka.

Kisha Fundi akafiwa na mama. Sista alimshika mkono makaburini, lakini kila akimuuliza hali, jibu ni lile lile: "Nimeshapoa." Jumatatu moja jina likawaka. Sista akatabasamu, akapita. Alikuwa na wagonjwa wa kweli. Jumanne likawaka. Jumatano likawaka. Alhamisi ukaingia ujumbe: "Wote unawapigia. Mimi nani kwako?"

"Utani gani huu wa kitoto!" Sista akafoka.

Daktari akainua kichwa. "Utani? Majaribio tulifunga mwezi uliopita. Fundi ni mgonjwa wangu tangu wiki iliyopita, aliomba mwenyewe. Hujaona faili?"

Faili lilikuwa mezani, chini ya mengine. Sista akalichomoa, akasoma jina. Akapiga.

"Nisamehe, mpenzi. Nilidhani unajaribu."

Sauti ndogo ikajibu: "Sijalala wiki nzima. Kuchekesha nimezoea, kulia sijui naanzia wapi."

"Mshauri atakuona leo saa nane, nitakuja kukuchukua. Na kuanzia kesho atakayekupigia ni muuguzi mwingine."

"Unanifukuza?"

"Hapa kwetu muuguzi hahudumii mume wake."

"Mume gani?"

"Huyo aliyechelewa kuchumbia mpaka nikamchumbia mimi."

Fundi akacheka, kicheko kikakatikia njiani kikawa kilio. Sista akavuta kiti, akakaa, simu sikioni, akamwacha alie mpaka amalize.