Abiria wa Kiti cha Pembeni

Mchana ule mtu alipiga miayo chumbani, na chumbani hapakuwa na mtu.

Ursule alisimamisha cherehani. Mumewe, Nephtali, alikuwa uani, amelala chali chini ya gari la Carlos, miguu tu ikionekana. Binti yao wa pekee, Chantal, alikuwa Isangi kwa mumewe, na kitoto kichanga mgongoni. Nani basi? Miayo yenyewe ilikuwa mirefu, ya mtu mzima aliyechoka hadi mifupa. Ursule alitaka kwenda kuchungulia, lakini kabla hajainuka mdomo wake mwenyewe ukafunguka, akapiga miayo vilevile mpaka machozi yakamtoka. Akajiambia ni joto. Mtaa wa Mangobo saa za mchana, nani asiyesinzia?

Gari hilo lilikuwa kituko. Babu yake Carlos, Mreno aliyekuwa na duka hapa tangu mji ungali ukiitwa Stanleyville, alichukua Ford ya zamani wakati wa ujana wake, akaikata paa, akang'oa madigadi yote, akaitia injini ya silinda nane na kuipaka rangi nyeusi isiyong'aa, kisha akawa anawaamsha watu nayo kila Jumapili. Baada yake gari lilipita mikono mingi, na kila mkono uliliongezea lake: paa la bati, taa za lori, sanduku la kubebea mawese. Sasa Carlos alitaka takataka zote hizo zitoke.

"Papa Nephtali, mi nataka ikuwe sawa wakati ya nkoko," alikuwa amesema siku alipolileta, akimkusudia babu yake. "Kitu yote yenye ilikuya nyuma, utoshe, uondoe. Yote."

Nephtali alikubali. Jioni ya siku hiyo, akinawa mikono, alimwambia mkewe, "Mama Chantal, hii ndiyo ya mwisho. Nikimaliza, ninapumuzika. Tunapanda boti, tunaenda kuona mujukuu."

Maneno hayo Ursule aliwahi kuyasikia, tena zaidi ya mara moja. Safari hii aliyaamini kwa sababu aliyahitaji. Maisha yake yote alikuwa amemwona mtu huyu na spana mkononi. Hakutaka kingine duniani ila kumwona ameketi, amekula, hana haraka ya kwenda popote.

Mlango wa abiria ulikuwa umechomelewa kutoka juu hadi chini, kazi mbaya ya mtu aliyekuwa na haraka. Zamani za babu haukuwa hivyo, kwa hiyo Nephtali aliukata, ukafunguka. Viti vilikuwa kazi ya Ursule, maana kushona viti vya magari ndiko kulikomlisha. Cha dereva kilikuwa kimegeuka vumbi ndani. Alipopasua cha abiria alikuta sufi, sufi hasa ya msufi, nyeupe, kavu, laini, kama imejazwa jana. Mwingine angeshtuka. Ursule alifurahi. Alijaza viti sponji mpya, maana ndani nani ataangalia, na ile sufi akaianika juani. Nani kwetu hutupa sufi nzuri? Ikatosha mto mkubwa wa kulalia kwa ajili ya Nephtali, aliyekuwa analalamika shingo, na kwenye masalio ukatoka mto mdogo wa mjukuu, ukapelekwa Isangi kwa boti pamoja na sabuni na nguo.

Tangu hapo Nephtali alilala kupita kiasi. Alilala mapema, akalala tena mchana, na kila alipoamka alikuwa amechoka kuliko alivyokwenda kulala. Macho yalimwingia ndani. Chumba nacho kikashika harufu ya ngozi iliyoloa, petroli, na miguu ya mtu aliyetoka kutembea matopeni. Ursule alipiga deki, akabadilisha mashuka, harufu ikarudi na kukaa. Asubuhi moja alimkuta mumewe ukingoni mwa kitanda, kiatu mkononi, ameshindwa kukivaa.

"Papa Chantal, ukule kwanza."

"Minachoka."

"Ulilala tangu jana jioni!"

"Mi sikulala." Alinong'ona huku akitazama mlango, kama mtoto anayeogopa kusikiwa. "Kuko mutu mwenye analala fasi yangu. Yeye analala, mi nachoka kwa ajili yake."

Ursule alitoka nje, akaketi juu ya ndoo na kulia. Huko ndiko Berthe, jirani anayekaanga ndizi za makemba ng'ambo ya barabara, alikomkuta, na Ursule akamweleza yote.

"Ile gari, si ilikuwa ya marehemu Assumani?" Berthe alishusha sauti. "Alibebaka nayo mawese. Alisema kuko mutu alipandisha ku barabara ya Banalia, mutu wa kuchoka sana, alikatala kushuka mupaka asubui. Donc akafunga mulango ile na soudure, akachomelea yote, asipande tena. Bure! Walimukuta analala ku volant, usukani mu mikono, moteur inaunguruma. Bon, walisema ni usingizi. Usingizi gani inakausha mutu vile?"

Mlango, basi. Wao ndio walioufungua mlango. Siku hiyohiyo Nephtali aliuchomelea tena, akipumzika baada ya kila cheche, na Ursule, mwimbaji wa kwaya, akapita njia nyingine asikutane na padre, akaenda kumwita Mwalimu Feruzi, mwalimu wa Kurani anayefukuza mashetani.

Mwalimu alifika baada ya alasiri, mtu mfupi mwenye viatu safi. Alilizunguka gari, akaweka kiganja juu ya kiti, akasikiliza.

"Hapa hamuna mutu, mama."

"Mwalimu, angalia muzuri. Tulifunga mulango..."

"Mulifunga mulango ya nyumba tupu. Ile kitu haipendake chuma. Inatafutaka fasi ya kuweka kichwa." Akabonyeza sponji ya kiti. "Mulitosha nini mu hii kiti?"

Kisha Mwalimu mwenyewe akaziba mdomo kwa mkono, akapiga miayo, na macho yake yakageukia dirisha la chumbani. Nephtali alikuwa ameingia huko kujinyoosha kidogo.

Ursule alikimbia, na ndani ya chumba, ambamo jua la jioni lilikuwa bado linaingia na kila kitu kilionekana wazi, kabati, msalaba ukutani, ndoo ya maji, akamwona mumewe amelala kwa ubavu, uso umemnywea na kukunjamana, na mbele ya uso huo, upande wa pili wa mto uleule, palikuwa na shimo la kichwa kingine, shimo lenye kina, lililoloa, ambalo likajigeuza polepole kama mgonjwa anayetafuta upande wa baridi, na sufi ikachakarika ndani ya kitambaa, na pumzi ya matope ikamfikia puani, na hapo miguu yake ikataka kukaa chini, kukaa tu, kupumzika kidogo, kwani kukimbia kote huku kuna faida gani.

"Toka fasi ya bwana yangu," alisema, na sauti ilitoka ndogo. Akauvuta mto kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kama gunia lililoloa.

Waliuchoma uani kwa petroli, Mwalimu akisoma bila kupumua. Sufi ilikataa kushika, kisha ikashika yote kwa mara moja, na ndani ya moto mtu akashusha pumzi ndefu.

"Yote inaisha, mama? Hakuna yenye ilibakia?"

"Yote, Mwalimu," akajibu Ursule bila kumtazama, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Nephtali, amejishika ukutani, akiuliza kama kuna mboga ya pondu.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha. Nephtali alilala juu ya mkeka mtupu akaamka mwepesi. Aliukata mlango tena, akamaliza gari, na Carlos akaondoka nalo likinguruma mpaka mabati ya Mangobo yakatetemeka. Spana ziliingia sandukuni. Ursule alikuwa anafunga mizigo ya safari Chantal alipopiga simu.

"Mama, munakuya siku gani?"

"Kesho kutwa. Mutoto iko muzuri?"

"Mupole sana! Hata halie tena. Tangu ulitumaka ile muto mudogo, ile oreiller, ni kulala tu, muchana na usiku." Sauti ya Chantal ilishuka. "Ila anapunguka, mama. Na uso yake, sijue... iko kama ya muzee."

Ursule akavuta pumzi ili apige kelele. Katika simu, karibu kabisa na sikio lake, mtu mzima alipiga miayo, mirefu, ya mtu aliyefika. Na mdomo wa Ursule, badala ya kusema, ukafunguka ukamjibu.