Roboti ya Mkwe na Kijiko cha Asali

Mama Vifungo alikuwa fundi wa kushona, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Asubuhi alishona sare za shule. Mchana alimlea mjukuu wake wa miezi mitano, maana binti yake alikuwa kazini. Akipata nafasi kidogo tu, aliiuliza simu maswali.

Simu hiyo ilikuwa na maajabu. Mkwe wake, mtengenezaji wa programu, alikuwa amemwekea humo roboti ya kuzungumza naye. Mama Vifungo aliandika swali. Roboti ilichukua neno kuu, ikalitafuta kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ikarudi na makala. Kufumba na kufumbua, jibu hilo hapo!

"Pamba inaotaje?" aliuliza siku ya kwanza. Aliposoma jibu, alishika kifua. "Jamani! Miaka yote nakata pamba, leo ndiyo naijua!"

Ila majibu yalikuwa marefu. "Mkwe wangu," alitania, "nimekuomba maji ya kunywa, umenifungulia bomba."

Mkwe alimheshimu mno mama huyu. Hakuthubutu kumpinga. Jioni hiyohiyo aliibadilisha programu, roboti ikawa inaleta sentensi mbili za kwanza tu.

Siku moja mtoto alianza kukohoa. Mama Vifungo aliandika, "Asali inafaa kwa kikohozi?"

Roboti ikajibu, "Asali ni chakula kitamu kinachotengenezwa na nyuki. Watu wengi huitumia kutuliza kikohozi."

Akachota kijiko kimoja. Wakati huohuo jirani yake, muuguzi, aliingia kuchukua gauni lake.

"Mama Vifungo, weka chini hicho kijiko!"

"Kwani kuna nini? Roboti imesema inafaa."

"Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali, hata tone. Asali inaweza kuwa na vijidudu. Tumbo la mtu mzima linavimudu, la mtoto mchanga haliviwezi. Anaweza kulegea mwili mzima, hata kushindwa kupumua. Twende kituo cha afya, akaangaliwe kifua."

Mama Vifungo alikitupa kijiko. Alimkumbatia mjukuu wake, akalia.

Kituoni mtoto alipimwa. Yalikuwa mafua tu. Waliambiwa aendelee kunyonyeshwa, na arudishwe haraka akipumua kwa shida.

Jioni mkwe aliisoma makala nzima ya asali. Onyo lilikuwepo, karibu na mwisho.

"Nisamehe, mama," alisema. "Roboti haimjui mtoto wala asali. Inabeba kile tu ilichoagizwa. Mimi niliiagiza mwanzo wa makala, ikaliacha onyo."

"Na mimi niliamini bila kuuliza mtu. Lakini wewe nawe, acha kuniogopa! Nikisema upuuzi, nikatalie."

Mkwe alicheka, akaketi kuirekebisha. Sasa roboti ilipitia makala yote na kuleta sehemu inayohusu swali. Ilionyesha pia pa kusoma zaidi. Ikikosa jibu, ilisema, "Sijapata." Na kwa swali la ugonjwa, ilimwelekeza mtu kwa mhudumu wa afya.

Bado Mama Vifungo hakuridhika. "Onyo zito hivi, nani kaliweka mkiani?"

"Makala hizi zinaandikwa na watu wa kawaida, mama. Wanajitolea. Ukiona kasoro unaruhusiwa kurekebisha, mradi uonyeshe ulikopata habari."

"Watu wa kawaida?" Alishangaa kuliko siku ile ya pamba. "Hata mimi?"

"Hata wewe."

Muuguzi alileta kitabu cha mwongozo wa afya ya watoto. Mama Vifungo aliandika mwanzoni mwa makala kwa kidole kimoja, herufi moja moja, jasho likimtoka: "Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali." Mkwe akaongeza jina la kitabu.

Asubuhi Mama Vifungo aliiuliza tena roboti kuhusu asali, mkwe akiwa kando. Sentensi yake ilikuja ya kwanza. Aliisoma kwa sauti, polepole.

"Na mtu wa mbali akiuliza?"

"Ataikuta hiyohiyo kwenye makala, mama. Hata aliye ng'ambo."

Mama Vifungo aliitazama tena sentensi yake. Alimwaza bibi mwenzake asiyemjua, kijiko mkono mmoja, simu mkono wa pili.

"Asome kwanza," alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Mungu wangu, asome kwanza."