Skrini Mpya ya Kuluthumu

Nyumbani kwa Kuluthumu, mtaa wa Gongoni mjini Tabora, asubuhi huanza kwa harufu ya vanila. Majirani wakiisikia, wanajua kuna sherehe mahali. Kuluthumu anaoka keki. Mume wake, Nurdini, anashona nguo barazani. Mama mkwe wake, Bi Nyamizi, anakaa mlangoni akifuma vitambaa vya uzi. Televisheni ya nyumba ile ina kitambaa. Redio ina kitambaa. Hata jagi la maji lina chake, tena chenye shanga pembeni.

Keki anazipeleka mwenyewe kwa baiskeli ya umeme. Ukipiga pedeli, mota inakusaidia. Kuluthumu anaipenda mno, lakini ilikuwa na tatizo moja. Kwenye usukani palikuwa na taa tatu tu: ya kijani, ya njano na nyekundu. Ya kijani inawaka, inawaka, mara nyekundu, mara giza. Mwezi uliopita betri ilimwishia njiani huko Cheyo, jua la saa saba. Aliisukuma baiskeli mpaka kwenye shughuli. Alipofika, wageni walikuwa wameshaondoka, na krimu ya keki ilikuwa imeteremka mpaka kwenye sahani.

"Siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze," alimwambia Aarti.

Aarti ana duka la vipuri vya baiskeli karibu na soko. Alizaliwa humu humu Tabora, na duka ni la babu yake. Wengine wanauza tu. Aarti anauza na kufunga kwa mkono wake.

"Na Jumamosi nina keki ya harusi Kwihara," Kuluthumu aliendelea. "Watu wameanza kusema keki zangu ni tamu ila hazifiki. Nikiharibu na hii, shoga yangu, hakuna atakayeniita tena."

Aarti alifungua boksi dogo. "Basi umekuja wakati mzuri. Hii ni skrini mpya. Inaendana na baiskeli yako."

Alizima baiskeli kwanza, akatoa betri, ndipo akagusa nyaya. Akafungua zile taa za zamani, akafunga skrini katikati ya usukani, akarudisha betri na kubonyeza kitufe. Kioo kikawaka. Namba zikajipanga, nyeupe na kubwa. Kuluthumu alishika mdomo.

"Inasoma, Aarti. Inasoma kweli."

"Tulia nikuonyeshe. Hii namba ya juu ni betri. Mia maana yake imejaa. Ikifika ishirini, tafuta umeme, usingoje izimike. Hii ya katikati ni nguvu ya mota, moja hadi tano. Moja inakusaidia kidogo, na betri inakaa. Tano inakubeba, lakini inakula betri vibaya. Na hii ya chini ni kilomita zilizobaki."

"Kwa hiyo nikiona arobaini, nakwenda arobaini?"

"Hapana. Hapo inakisia tu. Inaangalia ulivyoendesha hivi punde. Ukibadilisha nguvu, au ukipakia mzigo, na yenyewe itabadilika. La mwisho: isome kabla ya kuondoka. Njiani tupia jicho tu, kisha macho barabarani. Hii si televisheni."

Kuluthumu alirudi nyumbani kwa kuzunguka mitaa ambayo hakuwa na shughuli nayo. Alijaribu moja, mbili, tatu. Alipoweka tano, ushungi wake ulipepea na akacheka peke yake kama aliyepagawa.

Jumamosi alfajiri betri ilisoma mia. Moyo wake ukatulia. Akaingia ndani kupamba keki.

Huku nje habari zilikuwa zimeshaenea. Na pale Gongoni, mwenye kitu kipya hawezi kukifaidi peke yake. Lazima majirani wakionje. Nurdini alionja wa kwanza, mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Akafuata Badrudin muuza vitambaa. Akafuata shemeji wa Badrudin, kisha wakapokezana, na kila mmoja alitaka namba tano. Mchezo ulipokwisha, Bi Nyamizi aliinuka. Aliona kioo kizuri kile kikipigwa vumbi na jua, akakihurumia. Akakivisha kitambaa kipya chenye shanga, akakifunga vizuri kwa uzi.

Kuluthumu alitoka na keki ndani ya boksi. Aliona kitambaa.

"Mama, umenifumia mimi?"

"Nimekufumia, mkwe wangu. Kitu cha thamani hakikai uchi."

Angesemaje? Kukivua mbele ya mama mkwe kungekuwa utovu wa adabu. Tena alfajiri alikuwa ameshaona mia kwa macho yake. Alishukuru, akafunga boksi kwenye keria kwa mipira, akaondoka.

Njia ya Kwihara ndiyo ile waliyopita wapagazi wa zamani na pembe za ndovu mabegani. Kuluthumu aliipita na keki nyuma, akiimba. Baiskeli ilikuwa nyepesi ajabu. Hakujua kwamba bado iko kwenye tano.

Alipofika kwenye mchanga, pedeli zikaanza kuwa nzito. Aliacha kuimba. Alisimama pembeni ya barabara, akainua kitambaa. Betri: kumi na tisa. Kilomita: nne. Kwihara ilikuwa imebaki kilomita sita.

Jua lilikuwa limeshapanda. Alimkumbuka mwenye shughuli wa Cheyo, alivyoitazama krimu iliyoteremka. Akatoa simu.

"Aarti, nimekwisha. Inasema nne, na mimi nina sita."

"Mota iko kwenye ngapi?"

"Tano." Alizitazama zile shanga. "Na ilikuwa na kitambaa."

Aarti hakuuliza kitambaa gani. "Sikiliza. Ile nne ni ya mwendo wa tano. Weka moja. Piga pedeli mwenyewe kwa nguvu, mota ikusaidie tu. Nenda mwendo mmoja, usikimbie halafu ukasimama. Baada ya muda itazame tena."

Kuluthumu alivua kitambaa, akakitia mkobani. Akabana kanga kiunoni, akaweka moja. Kwa kweli ilikuwa kazi. Jasho lilimtiririka, na mapaja yakamwaka moto. Alipiga pedeli bila kuangalia kioo, kwa kuogopa atakachokiona. Hatimaye alitupia jicho.

Kilomita: sita.

Alidhani amekosea. Akaendelea. Mara ya pili akaona saba, ingawa njia ilikuwa imepungua. Akacheka kwa sauti. Wachunga ng'ombe waliokuwa njiani walimwona mwanamke akipiga pedeli, amelowa, anacheka, wakampisha.

Alifika Kwihara betri ikisoma kumi na moja. Wanawake wa shughuli walikuwa ndio kwanza wanatandika mikeka. Boksi lilifunguliwa mbele ya mama wa bibi harusi. Krimu ilikuwa imesimama, na maua yote yapo. Mama yule alipiga kigelegele, na uwanja mzima ukampokea. Kuluthumu alilia kidogo, hakuficha. Kisha akaomba sehemu yenye umeme, akachaji betri wakati wengine wanakula.

Jioni alimweleza Bi Nyamizi yote, kwa upole.

"Kumbe nilikufumba macho," alisema Bi Nyamizi. "Ungeniambia, mwanangu. Ningekuelewa."

"Kosa ni langu, mama. Niliambiwa niisome kabla ya kuondoka, sikuisoma."

Tangu siku ile mambo yamebadilika. Majirani bado wanaonja, lakini si siku ya kazi. Kabla ya kufunga mzigo, Kuluthumu anasoma betri, anasoma nguvu, anapiga hesabu ya kwenda na kurudi. Anaanza na moja au mbili. Mchangani anapandisha, akishatoka anashusha. Hajasukuma baiskeli tena, na keki zake zinafika zimesimama.

Wiki iliyopita alikuja mteja aliyeonja keki ya Kwihara. Alitaka kubwa zaidi, ya harusi, huko Igunga, zaidi ya kilomita mia kutoka Tabora.

"Utaleta kwa ile baiskeli yako?" aliuliza.

Kuluthumu alitazama skrini yake. Ilisoma mia, na kilomita arobaini.

"Igunga nitapanda basi," alisema, "na keki nitaipakata mwenyewe."