King'amuzi cha Dereva

Televisheni ilikuwepo, redio ya jikoni ilikuwepo, hata simu juu ya kabati ilikuwepo. Kilichoibwa ni king'amuzi peke yake, kipya, hakijamaliza siku mbili tangu kitoke dukani.

Inspekta aliutazama mlango. Kitasa kizima, madirisha mazima. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, akachoka kabla hajaketi. Kesho mitambo ya zamani ya televisheni ingezimwa, na wiki nzima hakupata kesi nyingine ila antena, waya na majirani waliogombania ngazi.

"Ni fundi tu," alisema mama mwenye nyumba. "Kafunga jana, kaahidi kurudi leo kutufundisha kuchagua stesheni. Tumeamka, hakipo."

Mumewe, dereva wa basi la shule, alitoa maelezo yake kwa maneno machache akiwa kwenye kochi.

Fundi alikuwa ameshakamatwa. Inspekta alimkuta mahabusu kituoni, macho mekundu.

"Umekichukua?"

"Afande, niibe nilichofunga mwenyewe? Nani atanipa kazi tena?"

"Kazi ilikwendaje?"

"Nilipanda juu ya bati, mzee akabaki ndani kunitazamia picha. Nikaita, 'Vipi, imekuja?' Akajibu, 'Safi! Usiguse tena!'"

"Ilikuwa safi?"

"Safi wapi! Waya wa antena nilikuwa nao mkononi, sijauchomeka. Nikajua ananitania. Baadaye mama ndiye aliyenitazamia, ikashika."

"Ndani kulikuwa na sauti yoyote?"

"Redio ya mama tu."

Inspekta aliacha kuandika.

Jioni alirudi kwa dereva, faili kwapani.

"Mzee, haya maelezo yako ya asubuhi. Yasome, kisha utie sahihi."

Dereva aliinua karatasi, akakaa nayo kidogo, akaishusha.

"Sawa kabisa, Afande. Kalamu?"

"Karatasi hiyo haina hata herufi moja."

Mkewe aliichukua, akaigeuza pande zote mbili.

"King'amuzi kiko wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji." Dereva alipumua. "Miaka miwili sasa, Afande, macho yanakwisha kidogo kidogo. Kila niliposhindwa kuona nilisingizia chenga za kwenye kioo cha televisheni, na nyumba nzima ikakubali, maana chenga tulikuwa nazo sote. Sasa chenga zinaondoka. Leo fundi angenipa rimoti, anisomeshe namba mbele ya mke wangu. Ningesema nini?"

"Ukaacha fundi wa watu ashinde mahabusu?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kumtoa."

"Atatoka sasa hivi. Basi umeliendesha leo?"

"Asubuhi. Na mchana."

"Watoto wangapi?"

"Arobaini na wawili." Akaongeza haraka, "Lakini njia naijua kwa moyo. Kila kona, kila tuta. Sijagonga hata kuku."

Inspekta alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamkera.

Mkewe alikuwa bado ameshika ile karatasi nyeupe.

"Baba watoto," alisema polepole, "tuta halihami. Mtoto akivuka je?"

Dereva alilia bila kuficha uso. Alipotulia alimwomba mkewe ampigie simu mwalimu mkuu, atafute dereva mwingine wa kesho. Mwenyewe asingeziona namba.