Zamu ya Mlangoni

Dada yangu Teofila alikuwa akisafisha picha za kale kwa mate. Msicheke, watu wa kazi yake ndivyo wanavyofanya: huzungusha pamba kwenye kijiti, hukilowesha ulimini, kisha husugua taratibu mpaka uchafu wa miaka na miaka utoke. Nilikuwa namtania kwamba hakuna mwingine Poland nzima anayelipwa kwa kutema.

Oktoba ile alipewa kazi kwenye shule ninayofundisha, hapa Płock. Ukumbini kwetu kuna picha inayofunika karibu ukuta mzima. Ni darasa la siri la enzi tulipotawaliwa na mfalme wa Urusi, wakati kufundisha historia yetu kwa lugha yetu kulikuwa kosa la kufungwa. Mwalimu kasimama katikati. Wasichana wameketi na vitambaa vya kushona mapajani, vitabu vimefichwa chini yake. Mmoja tu hana kiti. Huyo ndiye wa zamu: yuko mlangoni, sikio kalibandika kwenye ubao wa mlango, anasikiliza buti za askari. Tunaipenda mno picha ile, na kila Siku ya Walimu tunaimba mbele yake huku wengine tukifuta machozi.

Siku ninayoisimulia ilikuwa mkesha wa Siku ya Walimu, na kesho yake Kalina, binti wa Teofila, alikuwa aapishwe kuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza papo hapo ukumbini, kwa kuguswa begani na penseli kubwa kama ilivyo desturi yetu. Mama yake alimwahidi kukaa mstari wa mbele.

Mchana nilimpelekea chai ya limau. Nilibeba glasi mbili, moja kila mkono.

"Bronka, njoo uone kioja," akaniita. "Hapa karibu na mdomo wa huyu wa zamu kuna kidoa kisafi. Kama kifungo cha shati."

"Kuna mtoto kailamba."

"Sikiliza kwanza, wewe. Vanishi ya juu, ile ngozi angavu inayokinga rangi, haijaguswa. Uchafu umetolewa chini yake, kutokea ndani ya picha." Alikunja uso. "Haiwezekani hiyo."

Nyuma yetu sauti ya mwanamke ikauliza, kavu, ya kimwalimu kabisa:

"Nani wa zamu leo?"

Aliyesoma shule zetu anajua. Swali hilo tumelisikia tangu utotoni, na mwili hujibu kabla ya akili. Mkono hupanda wenyewe, vidole viwili vimenyooshwa. Nilihisi wangu unataka kupanda. Glasi zilikuwa zimejaa, nikaogopa kuungua.

Teofila alicheka, akidhani mkuu wa shule anatutania. Hakugeuka hata kidogo. Akainua vidole viwili.

"Mimi, mwalimu."

Niligeuka. Ukumbi ulikuwa mtupu. Nilipoigeukia tena picha, kijiti cha pamba kilikuwa kinabingirika sakafuni. Dada hakuwepo.

Nilizitupa glasi. Nikakimbilia mlango. Kitasa kilizunguka, mlango haukufunguka. Nikavuta. Nikagonga kwa ngumi. Nyuma yangu vitabu vikafungwa, vyote kwa pamoja. Benchi likalia. Kisha kimya, na katika kimya hicho watu walikuwa wanahema.

"Usigonge." Sauti ya dada, sikioni mwangu kabisa. "Mdogo wangu, usigonge. Watatukamata."

Nikaacha. Nikabaki nimeegemea ubao wa mlango, sikio limebandikwa hapo, mpaka nikajikuta na mimi nasikiliza buti.

Aliyenifungulia ni mtunza shule, alipokuja kupanga viti. Alisema mlango haukuwa umefungwa.

Polisi walisema Teofila ameondoka mwenyewe. Koti lake lilikuwa bado kitini. Niliwaonyesha picha, nikamwonyesha na mkuu wa shule. Yule msichana sasa alikuwa ameketi benchini, anashona, kanyoosha miguu kama mtu aliyechoka sana kusimama. Mlangoni alikuwepo mwanamke mtu mzima, uso kaupa ubao, nywele kazifunga kwa penseli kama afanyavyo dada. Vidole viwili vilikuwa juu.

"Si ndivyo ilivyokuwa siku zote?" mkuu wa shule akaniuliza.

Kesho yake Kalina aliapishwa. Alipoguswa begani kwa ile penseli kubwa, hakumtazama mkuu wa shule. Alitazama ukutani.

"Mama mdogo," akaninong'oneza baadaye, "mama kaja. Mbona hageuki?"

Nililia mbele ya wazazi wote.

Sasa ninamlea mimi. Nimemkataza asiinue mkono ndani ya ukumbi ule, aulizwe na yeyote, naye ananiona mama yake mdogo nimezeeka vibaya. Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani mimi hupita kuiangalia picha.

Juzi nimeona kidoa kisafi karibu na mdomo wa mwanamke wa mlangoni. Ni kidogo, hakijafika hata kifungo, lakini dada yangu ni fundi wa kazi hiyo, kitakua upesi. Nilikigusa kwa kidole.

Kilikuwa kibichi, na kina joto la ulimi.