Baiskeli Bila Kufuli

"Maziwa yamechacha. Narudia, maziwa yamechacha."

Roelien Haaksma aliisikia sauti hiyo kwenye kidude cha sikioni akiwa jikoni, mkono mmoja umeshika birika. Hakuuliza mara mbili. Alitua birika, akazima jiko, akavuta droo ya vijiko na kutoa bastola yake ya Walther. Akaichomeka kiunoni, chini ya koti la mvua.

Nyumba imejulikana.

"Mama Graça! Vaa viatu, tunatoka."

"Saa hizi? Si ulisema gari linakuja saa saba?"

"Gari halifai tena."

Mama Graça Quintela alikuwa na miaka sitini na mmoja, karani wa bandari kutoka Ureno, mfupi, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Saa nane mchana huo alitakiwa asimame mahakamani amnyooshee kidole Evert Loosbroek, tajiri wa meli aliyekuwa akipitisha bunduki ndani ya makontena ya ndizi. Aliyegundua kwanza ni mumewe Duarte, mwendesha winchi. Duarte akaokotwa majini. Tangu hapo mjane wake alikuwa ameishi miaka miwili nyuma ya mapazia ya nyumba za siri, akijifunza Kiholanzi kwenye runinga na kuomba kitu kimoja tu.

Baiskeli. Azunguke Utrecht kama watu wengine.

Roelien alichungulia dirishani. Mwisho wa mtaa kulikuwa na gari jeusi, injini inanguruma. Halikuwa la Idara ya Usalama.

"Haya mama, leo ombi lako limekubaliwa," alisema, akimsukuma kuelekea mlango wa uani. "Panda hiyo ya kijani. Usigeuke nyuma."

"Mungu wangu! Mnangoja siku ya kuuawa ndiyo mnanipa baiskeli?"

Roelien akapanda yake, wakateleza uchochoroni, wakapita nyuma ya mapipa ya takataka, wakatokea kwenye mfereji wa Oudegracht. Gari jeusi halikuwaona.

"Mkuu, tuko barabarani," Roelien alinong'ona. "Mahakamani dakika kumi."

"Hapana." Sauti ya Wieringa, bosi wake, ilikuwa kavu. "Lango bado linakaguliwa. Usimfikishe kabla ya saa saba na nusu. Mzungushe mjini."

"Nimzungushe? Kwani huyu mtalii?"

"Leo ni mtalii. Halafu sikiliza. Wamemleta mtu jana kwa treni, wanamwita Fundi. Picha yake hatuna. Anapiga kwa karibu, na maiti ikianguka yeye keshakata kona."

Roelien alitazama saa. Dakika arobaini.

Dakika arobaini, na nyuma yao watu hamsini juu ya baiskeli, kila mmoja ana haki ya kuwa pale! Anayekufuata kwa gari unamwona kwenye kioo. Anayekufuata kwa baiskeli katika mji huu utamjuaje? Roelien alizaliwa hapa, kila daraja analijua, lakini mchana huo aliuona mji wote umemgeuka.

"Shika kulia, mama! Kulia!"

Mama Graça alikuwa akiyumba katikati ya njia, shingo ameinua kutazama mnara wa Dom. Mwanafunzi mmoja alimpita shoti akipiga kengele.

"Watalii bwana! Kama huwezi, shuka ukokote!"

"Kakokote wewe, kinyozi amekukosea!" Mama Graça alijibu kwa Kiholanzi safi cha runinga. Kisha akacheka, nywele zake nyeupe zimefumuka. "Roelien! Upepo! Mwanangu, nilishausahau upepo!"

Roelien aliona haya. Miaka miwili alikuwa akimnyima mtu upepo, na kila mara alimwambia ni kwa usalama wake.

Akageuza shingo. Kwenye uwanja wa Neude alikuwa amemwona mwanamume wa shati la bluu, baiskeli nyeusi, kreti ya mboga mbele. Sasa alikuwa hapo tena. Lakini hata mwanamke mwenye maua alikuwa amemwona mara mbili. Na mama mwenye baiskeli ya sanduku, watoto wawili ndani yake.

Nani kati yao?

Njia ilikuwa moja. Asimame, aone nani atasimama naye.

"Una njaa, mama?"

"Toka lini unaniuliza swali la kijinga hivyo?"

Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko Vredenburg. Jua lilikuwa limetoka na watu wamefurika. Roelien aliegesha baiskeli zote mbili karibu na meza ya samaki, akabana kufuli la gurudumu la nyuma, krak, kisha akazungushia mnyororo. Mikono yake ilifanya yenyewe. Akamnunulia Mama Graça samaki wa chumvi mwenye vitunguu, kisha akageuka polepole.

Mwanamke wa maua aliegesha. Krak. Mnyororo.

Mama wa sanduku aliegesha. Watoto wake walikuwa wanavutana nywele na kupiga mayowe. Aliwaacha wavutane. Krak, mnyororo, akaujaribu kwa kuuvuta, ndipo akaenda kuwaamua.

Shati la bluu aliteremsha stendi, akaiacha baiskeli yake imesimama, akaondoka.

Hakuna krak.

Mwenyeji wa Utrecht anaweza kumsahau mama mkwe stesheni, lakini kufuli? Thubutu! Hapa kila mtu ameshaibiwa. Roelien mwenyewe, jasusi mwenye medali, ameibiwa baiskeli sita. Anayeacha baiskeli bila kufuli sokoni si mtu wa hapa, au anajua atairudia upesi na kuondoka mbio.

Huyu alikuwa yote mawili.

Shati lake lilikuwa jepesi, suruali imembana. Mwilini hapakuwa na pa kuficha hata kalamu. Lakini ndani ya kreti, chini ya mkate na vitunguu majani, ulichungulia mfuko wa kitambaa wenye kitu kizito.

Fundi alikuwa hatua nne kutoka kwao, anajifanya mteja. Alitaka kuiona sura ya mama kwa karibu, asije akakosea mtu.

"Nikuwekee vitunguu, kaka?" muuza samaki, baba mmoja mnene aitwaye Gijs, alimuuliza.

"Ndiyo," alijibu, macho kwa Mama Graça.

"Mkuu, nimemwona," Roelien alinong'ona. "Soko la Vredenburg."

"Mpige."

"Pamejaa watoto."

"Vikosi vitafika baada ya dakika nne."

"Dakika nne sina."

Alimwinamia Mama Graça kama anayemfuta mdomo. "Mama, yupo. Usitazame. Shati la bluu."

Mama aliinamisha kipande cha samaki bila kujua. Vitunguu vikamwangukia kifuani. "Na bunduki yake?"

"Kwenye kreti, ile baiskeli nyeusi isiyofungwa. Nikimwendea, wewe kimbilia nyuma ya gari la jibini ulale chini. Umenisikia?"

"Nilale chini," Mama Graça alirudia taratibu. "Miaka miwili nimelala chini, binti yangu. Nimechoka."

Fundi alikuwa ameweka samaki wake mezani bila kumgusa. Alipiga hatua mbili pembeni, akaandika ujumbe kwenye simu, neno moja tu, akairudisha mfukoni.

Amehakikisha.

Roelien alimwendea kwa ubavuni, mkono chini ya koti. Hatua sita. Tano. Fundi aliinua macho, yakakutana na yake. Akaelewa. Aligeuka kama umeme, akairukia baiskeli yake.

Hakukuwa na baiskeli.

Alisimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama chini, pale pale ilipokuwa.

"Wameiba?" Gijs alimuuliza kwa huruma. "Pole sana, kaka. Karibu Utrecht."

Wateja waliangua kicheko.

Sekunde hiyo moja ilimtosha Roelien. Alimpiga kikumbo cha bega, wote wawili wakaivaa meza ya samaki. Fundi alidaka kisu cha Gijs, akakata hewa, akakata mkono wa koti, akakata na nyama kidogo. Roelien aliuma meno. Alikishika kile kifundo cha mkono, akakisokota mpaka kisu kikaanguka, kisha akampa goti la tumbo. Fundi akalala juu ya samaki na barafu.

Pingu moja kwenye mkono, nyingine kwenye nguzo ya kufungia baiskeli. Akavuta kujaribu.

"Mama Graça!"

Nyuma ya gari la jibini hapakuwa na mtu.

"Unamtafuta yule bibi?" Gijs alisema, mikono kichwani, anatazama samaki wake. "Kaondoka na baiskeli ya huyu bwana! Wezi wa baiskeli nimewaona maisha yangu yote, mwenye mvi kama yule sijapata kumwona."

Roelien alizunguka meza, akaangaza umati wote.

"Shahidi yuko wapi?" Wieringa aliuliza.

Alimwacha Fundi kwa polisi wawili waliokuwa wanakuja mbio, akafungua baiskeli yake kwa vidole vilivyojaa damu, akakanyaga. Alipita daraja moja, mawili, anaita jina. Mtu wa siri haitwi jina barabarani, lakini aliita.

"Gari jeusi tumelizuia," Wieringa akasema sikioni. "Walikuwa wawili. Haaksma, shahidi yuko wapi?"

Alimkuta mbele ya mahakama, kwenye uwanja, mwanga mweupe wa mchana unamulika kila kitu. Mama Graça alikuwa ameegemea baiskeli nyeusi, anahema, mfuko wa kitambaa ameubana kwapani kama mkate.

"Umechelewa," alisema.

"Ungekufa!" Roelien alifoka, na machozi yakamtoka bila ruhusa. "Nilikwambia ulale chini!"

"Ningelala chini, angeichukua hii akuue wewe kwanza. Kisha mimi. Mimi ni karani, hesabu najua."

"Mpitishe chini, kwa lango la magari," Wieringa aliamuru. "Mfunike kichwa."

Roelien alivua koti lake lililokatwa, akamnyooshea. Mama Graça alilitazama, akatikisa kichwa.

"Duarte walimmaliza pasipo na mtu wa kuona. Mimi nitapita mbele, wanione wote."

Juu ya ngazi, karibu na mlango mkubwa, alisimama wakili wa Loosbroek, suti ya kijivu, simu mkononi. Alikuwa anaitazama simu ile kila baada ya sekunde tatu. Alipoinua macho na kumwona mwanamke mfupi mwenye vitunguu kifuani akimpandia ngazi moja moja, rangi ilimtoka usoni.

"Unangoja habari zangu?" Mama Graça alimuuliza. "Nimezileta mwenyewe."

Akapita. Roelien alimfuata hatua moja nyuma, damu inamdondoka mpaka kwenye marumaru, akamkabidhi mlinzi mfuko aliouchukua kwa mama, akabaki mlangoni mwa ukumbi. Ndani, jaji aliuliza jina la shahidi.

"Graça Quintela," sauti ilijibu, haikutetemeka hata kidogo. "Mke wa Duarte Quintela. Andikeni na la kwake."

Roelien alisubiri mpaka aliposikia kalamu zinaandika.

"Haaksma!" Wieringa alinguruma sikioni. "Nani alimruhusu apite mbele?"

Roelien alikichomoa kile kidude sikioni, akakitia mfukoni. Akashuka ngazi za mbele taratibu, kama mtu aliyetoka kulipia bili ya maji.