Walinifumania Gesti Jumatano Mchana

"Fungua! Fungua kabla sijauvunja huu mlango! Najua mko wawili humo ndani!"

Hiyo ilikuwa sauti ya mume wangu. Na mimi nilikuwa kitandani, chumba cha gesti, mchana kweupe, nimevaa gauni la kulalia.

Subirini. Msianze kunitukana huko kwenye komenti. Nisikilizeni kwanza.

Nikafungua komeo... Mlangoni walikuwa wamejaa! Mume wangu mbele, macho mekundu. Mjomba wake nyuma, ameletwa awe shahidi. Wifi yangu, ambaye tunaishi naye na tunasuka naye saluni moja. Na nyuma kabisa, mama mkwe.

Jamani, mama mkwe naye!

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto! Bwana wako yuko wapi?"

Hakungoja jibu. Akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Akafungua kabati. Akaingia bafuni, akavuta pazia kwa nguvu mpaka likabaki mkononi mwake.

"Na hili beseni la maji ya moto? Nani anakukanda miguu?"

"Najikanda mwenyewe."

Wifi akacheka kwa dharau. "Eti mwenyewe!"

Sasa niwaambie ilivyokuwa.

Mimi ni msusi. Nasimama kutwa, vidole vinakufa ganzi, mgongo unawaka moto, na mteja ananisimulia ndoa yake nami naitikia tu. Nikifika nyumbani ni mama soksi yangu, mama njaa, mke wangu chai, wifi niazime mafuta. Siku moja nilijifungia chumbani nijinyooshe kidogo. Mlango uligongwa mpaka nikadhani nyumba inaungua. Kufungua, mwanangu mkubwa huyo: "Mama, rimoti iko wapi?"

Rimoti alikuwa ameikalia!

Nikamwambia mume wangu nimechoka.

"Umechoka na nini? Si mnasimama tu pale na kupiga umbea?"

Yeye akitoka gereji anapitia kwa wenzake kutazama mpira, na hakuna anayemuuliza. Yule anapumzisha akili. Mimi nikikaa kidogo tu, mvivu!

Ndipo nikaanza kuiba Jumatano. Siku hiyo wateja ni wachache. Naaga kwamba naenda kununua nywele za kusukia, nazima simu, nachukua chumba, nakanda miguu, nalala. Basi. Hakuna kingine!

Na msidhani nilikuwa nafaidi. Mara ya kwanza nililala macho kodo, natazama dari, nawaza nguo ambazo sijafua. Mama gani huyu analala mchana? Nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia. Lakini taratibu usingizi ukaja, na uso wangu ukaanza kurudi. Nikawa narudi saluni naimba.

Hapo ndipo nilipojiponza. Wifi aliniona, akajumlisha mawili matatu yake, akanifuata kwa siri mpaka gesti, akapeleka kesi kwa kaka yake. Na pale gesti akairudia yote, kidole kimenielekea:

"Anaenda kununua nywele, anarudi mikono mitupu, halafu amenawiri! Tangu lini mke wa mtu anafurahi hivi bila sababu? Lazima kuna mwanaume!"

Mmesikia hiyo? Katika ukoo huu mwanamke akinuna, ndoa iko salama. Akicheka, mwiteni mjomba!

Dada wa mapokezi alikuwa amekuja mbio kwa sababu ya kelele. Mume wangu akamgeukia.

"Huyu huwa anakuja na nani?"

"Peke yake, kaka. Analala, anaamka, anaondoka. Sisi hapa tunamwita Mama Usingizi."



Nilidhani ataniomba radhi. Weee! Mume wangu alikaa kwenye kiti, pazia bado liko mkononi, akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma:

"Afadhali ningemkuta mwanaume. Sasa watu nitawaambia nini? Kwamba mke wangu anakodi kitanda? Nyumbani hakuna kitanda?"

"Kitanda kipo!" Hapo nilikuwa nalia kwa hasira. "Ila kila nikikilalia mnaniamsha!"

Mjomba akakohoa. "Huyu ni mvivu tu. Mrudishe kwao wakamfunze kazi."

 Mume wangu alinitazama, na nikaona kabisa kwamba neno lile analipima. Ndoa yangu yote ilikuwa inaning'inia pale, kisa usingizi!

Ndipo mama mkwe akapenya katikati yao. Nikafumba macho, nangoja kofi.

Nikasikia kitanda kinalia. Kufumbua macho... mama mkwe amekaa, anavua viatu!

"Binti," akamwuliza dada wa mapokezi, "chumba hiki ni mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni, mama."

"Vizuri. Nyie wengine tokeni."

"Mama!" Mume wangu aliruka. "Huwezi kulala huku. Kichwa chako kikianza je? Dawa ziko nyumbani."

"Kichwa gani?"

"Si hicho kinachokuuma tangu sisi wadogo! Ulikuwa unajifungia gizani, baba anatukataza kupiga kelele..."

Mama mkwe akavisukuma viatu vyake chini ya kitanda.

"Sijawahi kuumwa kichwa maishani mwangu."

Mjomba alishika fremu ya mlango. Huyo ni kaka yake wa damu!

"Na zile dawa nilizokuwa nakuletea?"

"Nilizitupa. Ningesema nimechoka, nani kati yenu angenielewa? Nikasema naumwa. Mkanihurumia, nikalala. Huyu mwenzangu aliwaambia ukweli kwamba amechoka, mkamcheka."



"Sasa... nani atapika?" Wifi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nyinyi. Sufuria zipo."

"Zipo wapi?" Huyo ni mume wangu, kwa dhati kabisa!

"Zitafuteni kama mlivyomtafuta huyo bwana."

Wakatoka. Mama mkwe akafunga mlango, akasogea upande wa ukutani, akaniachia nafasi.

"Lala, mwanangu. Na uache kukaa na uso wa mwizi. Umeiba cha nani?"

 Nikalala mpaka jioni, dada wa mapokezi alipokuja kutugongea kwamba muda umeisha.

Sitawadanganya kwamba mambo sasa ni asali. Nikiufunga mlango wa chumba chetu kila Jumatano, mume wangu ananuna. Anune! Na mimi mwenyewe dhamiri bado inanisuta nikisikia sahani zinagongana jikoni. Lakini siamki.

Funzo langu ni hili. Kuchoka ni sababu tosha. Usingoje kuugua ndipo ujipe ruhusa ya kulala, wala usiugue kwa uongo, wala usijifiche kama nilivyojificha mimi, maana wanaokuchosha ndio watakaokuja kukufumania.

Na wewe mama unayesoma hii ukiwa umejifungia chooni, kwa sababu ndiko pekee wasikokufuata, toka humo. Nenda kalale kitandani kwako. Wakigonga, waache wagonge.